Mlinzi Wetu Anaogopa Fataki!

Mwezi uliopita tulizungumzia hela za nyumbani na meseji zenu nimezisoma zote, ahsanteni kwa pongezi na kwa matusi pia. Mwezi huu nina stori ya mbwa. Subiri kwanza, usifunue ukurasa! Ni stori ya mbwa kweli, lakini mwisho wake ulinifanya nimfahamu upya mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Nyumbani kwetu Segerea tuna mbwa anaitwa Bosi. Ni wa kienyeji, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Shemeji yenu alimleta mwaka 2022 akiwa mdogo wa kuingia kwenye boksi la viatu, baada ya wezi kuruka ukuta wakaondoka na betri ya gari na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba. Kazi ya Bosi ilikuwa moja tu, ulinzi. Hakuletwa alale sebuleni kwenye zulia kama mbwa wa kwenye filamu. Ana banda lake nyuma ya nyumba, anakula ugali na dagaa, usiku anafunguliwa anazunguka uwanja mzima. Na kazi anaijua. Muuza mkaa hathubutu kuweka mguu getini mpaka nitoke mwenyewe.

Tatizo lilikuwa pale mbingu zinapofungua mdomo. Radi ikipiga mara moja tu, Bosi si Bosi tena. Mkia unaingia katikati ya miguu, anatetemeka, anahema kama ametoka kukimbia mbio za Kilimanjaro, mate yanamchuruzika. Atajikunja nyuma ya tenki la maji, au atakwaruza mlango wa jikoni kwa kucha mpaka rangi itoke.

Na sisi tulifanyaje? Hapa naomba nisijifiche. Shemeji yenu alicheka. "Dume zima linaogopa mvua! Hapa tumeuziwa sungura." Akawa anamfunga mnyororo kila wingu likitanda, eti azoee. Mimi nami, asubuhi moja nilikuta mlango umechunwa na mkojo umetapakaa barazani, nikavua kandambili nikamchapa. Aliniangalia tu, hakukimbia wala hakubweka. Naandika hivi kwa aibu, lakini najua wapo wengi wenu mliowahi kufanya kama mimi.

Usiku tuliomkosa

Basi bwana, ikafika Desemba 31, 2023. Tukavaa, tukaenda mkesha. Bosi tukamwacha kwenye mnyororo wake kama kawaida. Saa sita kamili usiku mji mzima ukalipuka. Si unaujua mkesha wa Dar? Fataki huku, honi kule, sufuria zinapigwa, vijana wanapasua baruti kona ya mtaa. Sisi tulikuwa tunakumbatiana na kutakiana heri. Hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka Bosi.

Tuliporudi saa nane tulikuta mnyororo umekatika. Kwenye bati la geti, pale chini lilipoachia, kulikuwa na manyoya na damu.

Nikamwambia shemeji yenu, "Umeona? Wewe ndo uliyemfunga." Akanijibu, "Na wewe ndo uliyesema tuwahi." Nikasema huna huruma. Naye akasema, "Mke wangu, ni mbwa tu." Jamani, neno hilo "tu"! Tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake, na mwaka mpya ukatukuta hivyo.

Tulimtafuta siku tatu. Picha yake ikapita kwenye makundi yote ya WhatsApp ya mtaani, vijana wa bodaboda wakatusaidia kuuliza. Siku ya tatu tukapigiwa simu kutoka Kinyerezi. Fundi mmoja wa gereji alikuwa ameona mbwa mwenye sikio moja lililolala, kajibana chini ya fuso bovu, hataki kutoka hata kwa mfupa. "Dada," akaniambia, "huyu mbwa wenu ana mawazo." Shemeji yenu, yule wa "mbwa tu", ndiye aliyelala kifudifudi kwenye oili chafu na shati lake la kazini akawa anamwita kwa sauti ya chini mpaka Bosi akatambaa kumfuata.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mzee mmoja mpole sana. Akamsafisha kidonda, akamshona, akamrudishia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa aliyezurura siku tatu huwezi kujua kakutana na nani. Alipomaliza akavua miwani akauliza, "Wanangu, huyu alipoanza kuogopa mlimfanyaje?" Tukatazamana kama wanafunzi waliokutwa nje ya darasa.

Si jeuri, ni hofu

Kitu cha kwanza alichotufundisha mzee yule ni kwamba hofu siyo tabia mbaya. Mbwa anayekojoa barazani wakati wa radi hajakukomoa. Mwili wake umepokea taarifa kwamba kifo kiko mlangoni, na moyo, mapafu, kibofu, vyote vinatii taarifa hiyo. Ukimchapa unathibitisha alichokuwa anakihofia, kwamba mshindo ukija mabaya yanafuata. Na ukimfunga ili azoee, unamnyima kitu pekee ambacho mwili wake unamwomba, yaani kukimbia. Wengi hawazoei, hofu inaongezeka mwaka hadi mwaka. Mbwa aliyeanza kwa kuogopa radi anaishia kuogopa mpaka mlio wa pikipiki.

Halafu kuna masikio yenyewe. Binadamu mwenye masikio mazima husikia mitetemo ya sauti mpaka kama 20,000 kwa sekunde. Mbwa hufika 45,000 na zaidi, na sauti hafifu ambazo mimi na wewe hatuzisikii kabisa, yeye anazo. Na sisi tunajua saa sita ya mkesha kuna fataki. Yeye hajui kalenda.

Wala Bosi si wa ajabu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wenye mbwa walioulizwa kwa undani walikuwa na mbwa anayeonyesha angalau dalili moja ya hofu akisikia kelele. Wengi wao hawakuwa wakiziita dalili hizo hofu. Kwa hiyo mwangalie wa kwako vizuri. Kutetemeka kila mtu anakuona. Lakini kupiga miayo bila usingizi, kujilamba midomo, kuzungukazunguka, kukataa nyama, kukufuata nyuma kila unakokwenda, na hayo ni maneno yake.

Na kama mbwa wako hakuwa na tabia hiyo halafu ameianza ukubwani, mpeleke akapimwe kwanza. Mara nyingine kuna maumivu ya viungo au ya masikio nyuma ya hofu. Anaposhtuka misuli inakaza, pale panapouma panauma zaidi, naye anaunganisha kelele na maumivu. Hapo hata ukimfundisha mwaka mzima bila kutibu, utachoka bure.

"Ukimbembeleza unamdekeza"

Hili neno shemeji yenu alilileta mwenyewe pale kliniki. Akasema dokta, nimesikia mbwa akiogopa ukambembeleza, unamfundisha kuogopa zaidi. Mzee akacheka. "Mwanangu, mkeo akifiwa ukimshika mkono, unamfundisha kulia?"

Ni kweli kabisa. Hofu si mchezo anaoucheza ili apewe zawadi. Ukikaa naye na kumshika taratibu kama mwenyewe anapenda kushikwa, humharibu. Akija kwako mpokee. Akitaka kujificha, muache ajifiche. Kinachomharibu ni kumvuta kwa nguvu atoke uvunguni "aone kwamba hakuna kitu", kumfokea, au wewe mwenyewe kuanza kupiga kelele na kukimbia huku na huko. Anakusoma usoni. Ukitulia wewe, ana pa kuegemea.

Siku yenyewe ya mshindo

Haya, shika kalamu. Haya ndiyo tunayoyafanya sisi, na hayahitaji hela nyingi.

Kwanza, mtoe matembezi mapema kabla jua halijazama, ajisaidie na achoke. Mpe chakula chake kamili jioni. Tumbo lililoshiba hutulia kuliko lenye njaa.

Pili, mtafutie maficho ndani ya nyumba. Chumba kidogo kisicho na madirisha mengi ndicho kizuri. Sisi tunatumia stoo. Tunatandika kanga kuukuu na shati la shemeji yenu lisilofuliwa, kwa sababu harufu yetu inamtuliza. Pazia linashushwa ili mwanga wa fataki usiingie, feni inawashwa, redio inaimba kwa sauti ya wastani. Maji yawepo. Mlango wa stoo usiufunge kwa kitasa, mbwa mwenye hofu akihisi amefungiwa atajiumiza.

Tatu, na hili liwekee mstari, usimfunge mnyororo. Anaweza kujinyonga, au akaukata kama Bosi. Kagua geti na ukuta kabla ya jioni, na mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu. Fundi wa Kinyerezi angetupigia siku ya kwanza kama Bosi angekuwa nao.

Nne, andaa vipande vidogo vya kitu anachokipenda kupita vyote. Bosi ni mgonjwa wa firigisi. Kila mshindo ukilia, anapata kipande hapo hapo. Mpangilio una maana yake: mshindo kwanza, firigisi baadaye. Ni somo la yule mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walisikia sauti fulani halafu wakapewa chakula, ikarudiwa na kurudiwa mpaka sauti peke yake ikawatoa mate. Sasa sisi tunataka mshindo uanze kumaanisha firigisi.

Unaona kama utani? Mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, aliwauliza wenye mbwa kuhusu mbwa zaidi ya 1,200 na hofu ya fataki. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Kati ya waliojaribu kumpa mbwa chakula au kucheza naye mara tu baada ya mshindo, kama asilimia 70 walisema imesaidia. Dawa za kuandikiwa na daktari zilikaribia hapo hapo. Zile za mitishamba na za kunusisha zilibaki mbali nyuma.

Mazoezi ya siku za kawaida

Hofu haiponi siku ya mkesha. Kazi inafanyika miezi ambayo kumetulia. Tulipakua kwenye simu sauti za radi na fataki, tukazipiga kwa sauti ya chini sana, ya chini kiasi kwamba Bosi anasimamisha lile sikio moja tu na kuendelea na mambo yake. Sauti, firigisi. Sauti, firigisi. Dakika 5 hadi 10, basi. Siku kadhaa hivyo, ndipo unapandisha sauti kidogo. Akianza kuhema au akikataa kula, umekimbia mno, rudi nyuma hatua mbili. Usiwe na haraka. Sisi ilituchukua wiki nyingi na kuna siku nilitamani kuacha.

Pia mfundishe kutulia kwenye mkeka wake siku zisizo na kelele. Akilala juu yake ametulia, anapata kitu kizuri. Baadaye mkeka huo huo unahamia stoo.

Na dawa je? Kwa mbwa wengine hofu ni kubwa mno, mazoezi peke yake hayatoshi, na hakuna aibu kutumia dawa. Ila iwe ya daktari wa mifugo, iliyopimwa kwa uzito wake, na umwone wiki kadhaa kabla ya sikukuu ili ijaribiwe mapema. Muulize swali moja: dawa hii inapunguza hofu au inalegeza mwili tu? Kuna dawa ya zamani, acepromazine, ambayo ikitumika peke yake inaweza kumlaza mbwa chini akaonekana mtulivu, kumbe ndani anaogopa vile vile ila hawezi kusimama. Na tafadhali sana, usimpe vidonge vyako vya usingizi wala vya maumivu. Ibuprofen inaweza kumuua mbwa. Pombe na bangi usithubutu, nimeshasikia watu wakishauriana hayo kijiweni.

Nilichokikuta stoo

Sasa nirudi kwa shemeji yenu. Mwanzoni haya yote aliyaona ya kwangu. Yeye alikubali Bosi aingie stoo, "lakini firigisi mpe wewe." Kisha ikaja masika ya 2024, mnakumbuka ile mvua. Usiku mmoja wa Aprili radi ilipiga mpaka vioo vikatetemeka na umeme ukakatika. Nikapapasa kitanda, hayupo.

Nilimkuta stoo, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Bosi kalaza kichwa mapajani mwake. Nilidhani amekwenda kwa ajili ya mbwa. Radi nyingine ilipopiga nikaona walioshtuka ni wawili.

Nikakaa chini. Sikuuliza kitu. Baada ya muda akaanza mwenyewe. Shemeji yenu alikulia Mbagala. Aprili 29, 2009, siku mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi, alikuwa kidato cha pili, darasani. Watu walikufa siku ile, nyumba za watu zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi wao. Yeye alikimbia na wenzake bila kujua anakwenda wapi, kiatu kimoja mguuni, na kwao walimpata kesho yake. Aliporudi, mjomba wake alimwambia mwanaume halii kwa kelele. Akaacha kulia. Tangu hapo kila mlango ukibamizwa, tumbo lake linakaza, na hajawahi kumwambia mtu.

Nimeolewa naye, nilikuwa naye kila mkesha, na kila mkesha saa sita ikikaribia alikuwa ananiambia anakwenda kuangalia gari. Mimi nilikuwa naamini anakwenda kuangalia gari!

"Nilipokuwa namfunga," akaniambia, "nilikuwa nafikiri namsaidia. Mimi ndivyo nilivyozoea." Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini mimi sijazoea."

Sikumpa hotuba. Nilimshika mkono, basi. Baadaye, kwa hiari yake, alikwenda kuzungumza na mshauri nasaha, na hayo ni ya kwake, siyaandiki hapa.

Mkesha uliofuata

Desemba 31, 2024 hatukutoka. Mchana tulipita kwa majirani, tukawaomba vijana baruti zao wakapasulie uwanja wa mpira badala ya ukutani kwetu. Mmoja alitucheka, wengine wakaelewa. Jioni Bosi akatembezwa, akala, akaingia stoo. Saa sita ilipopiga tulikuwa watatu sakafuni, redio inaimba, bakuli la firigisi katikati.

Nisikudanganye kwamba amepona. Alitetemeka, alihema, na mishindo ya mwanzo alikataa firigisi. Lakini hakukwaruza mlango wala hakujikojolea, na ilipofika saa sita na nusu alikula kipande cha kwanza. Shemeji yenu akapiga kelele ya furaha utadhani Taifa Stars wamefunga. Na usiku ule hakwenda kuangalia gari.

Msomaji wangu, huenda nyumbani kwako hakuna mbwa. Lakini huenda kuna mtu ambaye radi ikipiga, au mlango ukibamizwa, au simu ikiita usiku wa manane, ananyamaza ghafla. Usimcheke wala usimwambie azoee. Sogea ukae karibu naye.

Wenye mbwa, sikukuu isiwakute mmelala, anzeni mazoezi sasa. Bosi anawasalimu. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.